Vituo vinne ndani ya miaka miwili? Jibu kwa mwalimu wa Newala

SWALI (limefupishwa): Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, naishi Newala. Mimi na wazazi wachache tulianza kuwakusanya kila Jumamosi watoto ambao kusoma kumewashinda, ingawa mambo mengine wanayaweza vizuri tu. Baadaye tukaelezwa kwamba baadhi yao huenda wana disleksia, yaani ugumu wa kuzaliwa nao katika kusoma na kuandika. Tukajisajili kama asasi, ngazi ya wilaya. Leo watoto wamefika 60, wengine wanatoka Tandahimba, na tunaofundisha kwa kujitolea tuko 5. Sasa amejitokeza mfadhili anayetaka tufungue vituo Masasi, Mtwara Mjini, Lindi Mjini na Nachingwea ndani ya miaka 2. Wenzangu wamefurahi mno, mimi silali. Tukubali? Na kama ni kukua, tukue vipi?

JIBU: Shikamoo Mwalimu.

Jibu lenyewe kwanza, sababu zitafuata. Pesa zikubalini, vituo vinne vikataeni. Mwombeni mfadhili ageuze fungu hilo liwe la kuandaa walimu ambao tayari wako kwenye ajira ya serikali, muanze na Newala na Tandahimba, kisha wilaya moja nyingine. Akikataa kabisa kubadilisha, bakini na Jumamosi yenu. Najua wenzako hawatafurahi, hasa kama kwenye rasimu ya bajeti wameshaiona pikipiki.

Anza na hesabu ya watu, maana majengo na madawati hupatikana. Mtoto mwenye disleksia hafunzwi kwa kuhutubiwa darasani pamoja na wenzake 40. Anahitaji kundi la watoto wanne au watano, mara mbili au zaidi kwa wiki, kwa mwaka au miaka miwili, na mwalimu anayejua kwa nini leo wanafanya silabi hii na kesho ile. Mwalimu mmoja anayejitolea baada ya shughuli zake hawezi kubeba zaidi ya watoto 12 hivi kwa namna hiyo. Nyinyi mko 5 na watoto ni 60, kwa hiyo hivi sasa mmeshafika ukingoni. Vituo vinne vyenye watoto 60 kila kimoja vinataka walimu wengine 20. Watatoka wapi? Kuandaa mmoja vizuri, kwa maana ya kumfundisha, kumketisha pembeni yako akuangalie, kisha wewe ukae pembeni umwangalie yeye, ni kazi ya karibu mwaka mzima wa shule. Mkifungua kwa kasi ya mfadhili mtalazimika kuajiri vijana waliomaliza chuo hawajapata ajira, muwape semina ya siku tatu na fulana, na mtoto wa Nachingwea atapata tuisheni ya kawaida yenye jina la disleksia.

Hilo la jina ndilo linalonitia wasiwasi kuliko pesa, kwa hiyo nitalikalia kidogo.

Mwaka 1896 daktari wa Uingereza, W. Pringle Morgan, aliandika katika British Medical Journal habari za mvulana wa miaka 14 aliyekuwa mwepesi wa akili, hodari wa michezo, lakini kusoma kulikuwa kumemkataa. Mwalimu wake alisema kwamba kama masomo yote yangefundishwa kwa mdomo, yeye angekuwa kinara wa shule. Mwalimu, wewe umekutana na mtoto huyo mara ngapi kwenye kazi yako? Huku kwetu huitwa mvivu, na wakati mwingine mtu wa ukoo hupelekwa kwa mganga kuulizwa kafanya nini. Wataalamu hukadiria kuwa watu 5 hadi 10 katika kila 100 wana disleksia ya kiwango fulani, na inarithishwa: mzazi akiwa nayo, uwezekano wa mtoto kuwa nayo unapanda sana. Kwa hiyo baba anayekataa kuja kwenye kikao chenu kwa sababu mnapitisha karatasi ya kusaini mahudhurio, mtazameni kwa huruma.

Lakini kati ya watoto wasiojua kusoma wilayani kwako, wenye disleksia ni sehemu tu. Tangu Januari 2016 michango ya lazima ilipoondolewa, madarasa ya kwanza yalifurika, na mtoto anaweza kumaliza darasa la pili bila mwalimu kumsikiliza akisoma hata mstari mmoja peke yake. Wapo ambao macho hayaoni ubao. Wapo waliougua masikio wakiwa wadogo na hakuna aliyegundua. Wapo wanaokuja shuleni na Kimakonde, Kiyao au Kimwera kizuri kabisa, na Kiswahili wakakikutia darasani. Hao huandika jinsi wanavyosikia nyumbani, na wakishakizoea Kiswahili makosa hupungua. Wapo ambao mwezi wa jando au wa palizi huwapotezea wiki nzima nzima. Wote hawa wanastahili msaada, ila si msaada uleule.

Na disleksia ya Kiswahili haina sura ile inayoelezwa kwenye vijitabu vya Kiingereza ambavyo mfadhili atawaletea. Maandishi yetu yana uaminifu: herufi na sauti vinakwenda pamoja. Kwa hiyo mtoto wetu mwenye disleksia, akifundishwa kwa subira, mara nyingi hufika mahali akasoma maneno kwa usahihi, lakini kwa mwendo wa kinyonga. Akifika mwisho wa sentensi, mwanzo umeshamtoka. Jambo hili limeonekana pia kwa Waitalia: utafiti uliochapishwa mwaka 2001 katika jarida la Science uliwalinganisha Waitalia, Wafaransa na Waingereza wenye disleksia, ukakuta Waitalia wanasoma kwa usahihi zaidi, ingawa tatizo ndani ya ubongo lilikuwa lilelile. Katika Kiswahili chenyewe, Katie Alcock na Damaris Ngorosho walichapisha mwaka 2003 uchunguzi wa makosa ya tahajia ya watoto, na wakaonyesha kwamba kujifunza kuandika lugha yenye tahajia nyoofu nako si jambo jepesi.

Ukiwa na orodha ya dalili iliyotafsiriwa tu, basi, mtoto huyu atakupita. Mwangalie wapi? Mpe maneno marefu ya aina ya "hawakutuandikia" au "wanapotufundisha", uone kama anayavunja au anabahatisha kwa kutazama mwanzo wa neno. Mpe silabi zenye herufi za konsonanti zilizosongamana: mbwa, ngwe, nywa, ng'o. Mpe "baba" na "dada" zikiwa zimechanganywa kwenye mstari mmoja. Kitabu cha kwanza cha mtoto wa Kiswahili kinamwekea mtego wa b na d mapema. Kisha mpe maneno yasiyo na maana, "lupemi", "ngibado", kwa sababu hayo hajayakariri. Pima na muda kwa saa ya simu. Mtoto wa darasa la nne anayesoma sawasawa lakini kwa kuburura kila neno asiachwe kwa sababu hajakosea.

Hata hivyo, mtihani wa siku moja hautoshi kumpa mtoto jina. Njia ninayoipendekeza kwa asasi isiyo na mwanasaikolojia ni hii: kila mtoto anayeletwa apimwe kwanza macho na masikio hospitalini, kisha afundishwe vizuri katika kundi dogo kwa muhula mmoja, sauti kwa sauti na silabi kwa silabi. Wengi watainuka na mtawaaga kwa furaha. Wale wachache ambao wamehudhuria, wamefundishwa vizuri na bado wanasota, hao ndio wenu wa muda mrefu. Msitoe cheti wala kumwambia mzazi "mwanao ana disleksia" kama daktari atoavyo majibu ya malaria. Mwambieni anafanya nini vizuri, anakwama wapi, na mtafanya nini naye.

Mkilifanya hili, idadi yenu ya 60 inaweza ikashuka hadi 25. Mfadhili anayependa takwimu zinazopanda atanuna. Elezeni kwamba 35 walioondoka wanasoma.

Kuna kundi lingine ambalo sijaona asasi nyingi zikilifikiria: waliopenya. Mtoto aliyeburura Kiswahili hadi akafaulu darasa la saba anaingia kidato cha kwanza na kukuta Baiolojia na Jiografia kwa Kiingereza, lugha ambayo though, through na tough zinaandikwa kwa mkia mmoja na kutamkwa njia tatu. Ule unyoofu wa Kiswahili uliokuwa unambeba umeondolewa siku moja. Wengine huacha shule hapo, na kijijini watasema alikosa bidii. Kama mtaongeza huduma moja mpya, ningechagua hii kabla ya kituo cha Lindi: wiki nane za mafunzo katika miezi iliyo kati ya mtihani wa darasa la saba na kufunguliwa kwa kidato cha kwanza, kwa watoto wenu wenyewe mnaowajua.

Sasa niseme kwa nini nawaelekeza kwa walimu wa serikali badala ya vituo.

Wenzetu walioanza zamani wametuachia funzo. London ilikuwa na Word Blind Centre, kituo cha watoto wenye disleksia kilichofunguliwa mwaka 1962 na kufanya kazi kama miaka 10. Kilipofungwa, njia mbili zilikuwa zinafunguka. Mwaka 1972 ilianzishwa British Dyslexia Association, iliyojengwa juu ya vyama vya wazazi vya mahali mbalimbali, na kazi yake kubwa ikawa kusukuma sera, kuweka viwango vya mafunzo ya walimu na kuunganisha vyama hivyo. Mwaka huohuo ilianzishwa Dyslexia Institute, iliyokua kwa vituo vya kupima na kufundishia. Taasisi ile ilifanya kazi nzuri, ikaandaa walimu wengi, na mwaka 2005 ikaungana na nyingine ikawa Dyslexia Action. Aprili 2017 ikaingia kwenye ufilisi na vituo vikafungwa. British Dyslexia Association bado ipo. Sidai kwamba vituo peke yake ndivyo viliiangusha, mambo ya asasi kubwa hayana sababu moja. Ila kituo kina pango, mishahara na umeme kila mwezi, watoto wawepo wasiwepo, na mzigo huo hausubiri ruzuku.

Wala hatuna haja ya kwenda London. Mtwara imeshuhudia miradi ya kuboresha ufundishaji wa kusoma: TZ21 kuanzia 2011, kisha Tusome Pamoja kuanzia 2016, kisha Jifunze Uelewe, yote kwa fedha za Marekani kupitia USAID. Lindi ilikuwa na EQUIP-Tanzania kwa fedha za Uingereza, kuanzia 2014. Ilipofika mwaka 2025 USAID ilikatwa na kazi zikasimama. Wewe ulikuwa darasani miaka hiyo, kwa hiyo unajua kilichobaki: magari yaliondoka na mabango yakapauka, lakini mwalimu aliyejifunza kufundisha sauti za herufi hakunyang'anywa. Bado yupo, bado analipwa na serikali.

Kwa hiyo kukua kwenu kuhesabiwe kwa idadi ya walimu wa aina hiyo. Mlango upo tayari: MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, inawakutanisha walimu shuleni mwao kwenye jumuiya za ujifunzaji. Vikao hivyo mara nyingi hukosa mada ya kushika. Pelekeni mada zenu: namna ya kumsikiliza mtoto akisoma, namna ya kuvunja neno refu, kwa nini mtoto asilazimishwe kusoma kwa sauti mbele ya darasa zima, namna ya kumpa muda. Kila shule itoe walimu wawili, mmoja wa darasa la kwanza au la pili na mmoja wa darasa la nne. Wawili kwa sababu mmoja atahamishwa. Huo ndio utaratibu wa maisha ya utumishi. Chuo cha Patandi kule Arusha kinasomesha walimu wa elimu maalumu, na wahitimu wake wapo kwenye halmashauri zenu, pengine wamepangiwa madarasa ya kawaida. Watafuteni. Tena mna vyuo vya ualimu karibu, Kitangali kwako mwenyewe Newala, na vingine Mtwara na Nachingwea. Saa chache na wanachuo wa mwaka wa mwisho zina faida kuliko jengo.

Hakuna lolote kati ya haya litakalowezekana bila kibali cha Mkurugenzi wa halmashauri kupitia Afisa Elimu Msingi, na rafiki yenu wa kwanza hapo ni Afisa Elimu Maalumu. Mshirikisheni kabla andiko halijaenda kwa mfadhili. Akiliona likiwa limeshasainiwa atawapokea kwa adabu na hatawasaidia. Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26 unawapa lugha ya kuzungumza naye. Ulemavu unaotambuliwa haraka ni ule unaoonekana, na makundi yanayotajwa kwa kawaida takwimu za watahiniwa zinapotangazwa ni wasioona, wenye uoni hafifu, viziwi, wenye ulemavu wa akili na wa viungo. Mtoto wenu ana macho, masikio na miguu mizima, na ndiyo maana husahaulika.

Mambo ya sheria nitayapita haraka. Usajili wa ngazi ya wilaya hauwaruhusu kufanya kazi Masasi, wala Tandahimba kwa hakika. Mkivuka wilaya ndani ya Mtwara mnahitaji ngazi ya mkoa, mkigusa Lindi mnahitaji ngazi ya taifa. Taratibu zinaanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii, ambaye ndiye msajili msaidizi. Mkataba wa fedha unaozidi shilingi milioni 20 unapaswa kuwasilishwa Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu kusainiwa, na hapa ndipo asasi nyingi changa hujikwaa kwa kutojua tu. Taarifa ya kila mwaka na hesabu zilizokaguliwa ni lazima, kwa hiyo gharama ya mkaguzi iwemo kwenye bajeti. Halafu picha za watoto. Mfadhili atazitaka. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi, na hata isingekuwepo, mtoto aliyepigwa picha chini ya bango la "hawezi kusoma" atakutana na picha hiyo akiwa na miaka 20. Mikono ikiandika inatosha.

Pesa za wazazi nazo. Kwenye barua yako kamili uliandika kwamba mnategemea michango wakati wa korosho, na wenzako wanataka kuipanga iwe mapato ya uhakika kupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Msifanye hivyo. Msimu wa 2018/19 serikali ilipoamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wakulima wengi walisubiri malipo kwa miezi. Bei ya mnada hupanda na kushuka, na mtoto asiondolewe kwenye kundi kwa sababu ya mnada. Mchango wa wazazi upokeeni Novemba na Desemba wakiwa nacho, uwe wa hiari, na uwekwe kando kama akiba mpaka itoshe kuendesha Jumamosi zenu kwa miezi 6 bila mtu mwingine yeyote. Hiyo Jumamosi ndiyo ya kulindwa. Fedha za mfadhili zitumike kwa mambo ambayo yakikatika hayaui kitu: mafunzo, nauli, kuchapa kadi za silabi, ziara za kuwatembelea walimu. Mishahara ya kudumu isiwekwe humo. Kama kuna mmoja wa kulipwa, awe mratibu wa kutembelea shule, kwa mkataba wenye mwisho unaojulikana.

Limebaki jambo moja ambalo hukuuliza. Barua yako kamili imejaa "mimi". Mimi ndiye ninayewapima watoto, mimi ndiye ninayeongea na halmashauri, funguo za ukumbi ninazo mimi. Kabla ya kwenda Masasi, mtu mwingine apime watoto kwa muhula mzima na wewe usome tu matokeo yake. Na bodi iwe na angalau mtu mzima mmoja mwenye disleksia, fundi au mfanyabiashara aliyefika alipo kwa kuficha. Yupo Newala, na huenda ni mjomba wa mmoja wa watoto wenu. Atawaambia mambo ambayo mimi na wewe, tuliosoma bila shida, hatuwezi kuyajua.

Kwa mfadhili andikeni ukurasa mmoja. Mwaka wa kwanza: walimu 12 wa shule 6 za Newala na Tandahimba, usajili wa ngazi ya mkoa, na upimaji ulioandikwa ili mtu mwingine aweze kuufuata. Mwaka wa pili: shule 6 za Masasi, zikifundishwa na wale wa mwaka wa kwanza, pamoja na zile wiki nane za watoto wanaoingia kidato cha kwanza. Lindi na Nachingwea zisitajwe kabisa, hata kwenye sehemu ya matarajio, maana kinachotajwa hapo huja kuulizwa kwenye ripoti. Barua ikishakwenda, ombeni kikao, na Afisa Elimu Maalumu awe amekaa upande wenu wa meza.